Laini Isiyopiga Simu

Wanachuo wenzangu, tukisikia bando akili inakwenda WhatsApp. Ila kuna laini nyingi mtaani ambazo hazijawahi kupiga simu hata moja. Ingia duka la vifaa vya ujenzi hapa Buzebazeba, lipia mabati, dai risiti. Ile mashine ya EFD inayokutolea karatasi inatumia data ya simu. Mashine hizi zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na taarifa za mauzo zinakwenda TRA zenyewe.

Zinakwendaje? Simu ya zamani ilikuwa kama kukodi mtumbwi mzima: hata ukikaa kimya, nafasi ni yako na unailipia. Data ya pakiti ni kama kutuma dagaa Dar. Mzigo unagawanywa vifurushi, kila kimoja kina anwani yake, vinapanda pamoja na mizigo ya wengine, vikifika vinapangwa upya. Kikipotea kimoja, kinatumwa tena hicho hicho tu. Mauzo ya siku nzima ni maandishi machache, kwa hiyo 2G inatosha kabisa. Ndiyo maana mashine inafanya kazi mahali ambapo video yako inazunguka tu.

Mabasi nayo yamo. Kifaa cha VTS, kinachosimamiwa na LATRA, kinapata mahali na mwendo wa basi kwa setilaiti, kisha kinatuma kwa mtandao wa simu. Porini kusiko na mnara, vifaa vya aina hii huweka kumbukumbu na kuituma mtandao ukirudi. Dereva anayekanyaga mafuta akidhani haonekani anajidanganya.

LUKU tuliyoizoea ni habari nyingine: zile tarakimu 20 unazibonyeza mwenyewe, mita haihitaji laini.

Kinachonisumbua ni umri wa mtandao. Kampuni ya AT&T ya Marekani ilizima 2G Januari 2017. Kule San Francisco mabasi yaliendelea kutembea, lakini mfumo wa kuwaambia abiria basi linafika lini ukavurugika, maana vifaa vilitegemea 2G hiyo. Simu tunabadilisha kila baada ya miaka michache. Mashine ya dukani inategemewa idumu, na mwenye duka ameinunua kwa hela yake. Siku 2G ikizimwa huku kwetu, mpya atanunua nani? Tuulize mapema, sisi tunaolipiwa ada na maduka hayo hayo.