Ncha ya Kabaidi Huharibika Kabla ya Kuyeyuka

Wauzaji wa zana hupenda kumwambia fundi wa kerezo kwamba ncha ya kabaidi haiogopi moto. Hapo kuna ukweli nusu. Kabaidi ya tungsteni (si ile ya kutengenezea gesi ya kuchomelea) huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 2,800 za Selsiasi, na joto la kukereza halifiki huko. Ila ncha si kabaidi tupu. Ni chembe ndogo mno za kabaidi zilizoshikamanishwa kwa kobalti, kama kokoto ndani ya saruji. Ndivyo ilivyo tangu Karl Schröter wa kampuni ya Osram alipoibuni Ujerumani mwaka 1923.

Kobalti huyeyuka kwenye nyuzi 1,495, lakini huanza kulegea mapema zaidi. Joto likifika nyuzi 800, ncha nyingi huwa zimepoteza karibu nusu ya ugumu wake. Ukilazimisha kasi, pua ya ncha hubonyea na kipimo cha kazi hupotea bila kitu chochote kuvunjika. Ncha yenye kobalti kidogo hustahimili joto zaidi, lakini hiyo nayo humeguka upesi inapogongwa.

Adui wa pili ni hewa, na huyu hasemwi sana. Kuanzia nyuzi 600 hivi, oksijeni huila kabaidi yenyewe. Kaboni hutoka ikiwa gesi, tungsteni hubaki ikiwa oksaidi ya njano. Oksaidi hiyo huchukua nafasi zaidi ya mara mbili na nusu ya ile iliyochukuliwa na kabaidi, kwa hiyo huvimba, hupasuka na kufungulia hewa njia ya kuingia ndani zaidi. Utando wa oksaidi juu ya alumini huilinda alumini. Huu wa tungsteni haulindi chochote. Hata ukiufuta, vishimo vinavyobaki ndivyo ufa unapoanzia, na nguvu ya kuhimili kupindwa hushuka.

Tazama ncha iliyokereza chuma cha pua kwa kasi. Nyuma kidogo ya makali kuna kishimo. Hapo ndipo penye joto kali kuliko pote, karibu nyuzi 1,000, lakini hewa haifiki kwa kuwa chuma kinachokatwa kimepaziba. Kishimo hicho kimechimbwa na chuma chenyewe, ambacho huyeyusha tungsteni na kaboni ndani yake na kuondoka nazo. Sasa angalia pembeni, pale kina cha mkato kinapoishia na hewa inapopenya. Utaona pengo. Oksijeni inahusika sana na pengo hilo. Kabaidi ya titani ikichanganywa kwenye ncha hupunguza kishimo, na utando wa nitraidi ya titani na alumini husaidia pote pawili, kwa kuwa ukipata moto hujitengenezea ngozi ya oksaidi ya alumini inayozuia hewa.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, ncha nyingi za kubandika huanza kufa kabla hazijagusa kazi. Fundi huichomelea ncha kwenye mpini kwa aloi ya fedha, kwenye nyuzi 650 hadi 750, yaani ndani kabisa ya eneo la hatari. Mwali ukiwa na oksijeni nyingi na boraksi ikiwa kidogo, unga wa njano hutokea pale pale. Kisha kuna tabia ya kuitosa majini ili ipoe haraka. Chuma cha mpini husinyaa karibu mara mbili ya kabaidi, na ncha hubaki imevutwa hadi ipasuke. Kwenye jiwe la kunolea ni hivyo hivyo, na hata kwenye kerezo: maji yanayomwagika na kukatika huacha nyufa zinazokaa sambamba, zikikata makali.

Basi ukichomelea, tumia mwali usio na oksijeni ya ziada, funika ncha yote kwa boraksi, kisha uuzike mpini kwenye majivu makavu upoe polepole. Ukikereza, maji ya kupozea yaanze kabla ya mkato na yasikatike, au yasiwepo kabisa. Na ncha iliyoota unga wa njano, inoe hadi uifikie kabaidi safi ndipo uitumie.