Kukitambua Kielezi katika Sentensi ya Kiingereza

Mtahiniwa, swali linapokutaka upigie mstari kielezi, yaani adverb, usikimbilie neno linaloishia na -ly. Soma sentensi hizi:

"The driver was friendly."
"The driver drove fast."

Ukifuata -ly utachagua friendly, nawe utakosa. Friendly inaeleza dereva alikuwa mtu wa namna gani, hivyo ni kivumishi. Fast haina -ly, lakini inaeleza aliendesha vipi, hivyo ni kielezi. Usiangalie mwisho wa neno, angalia kazi yake.

Hatua za kufuata

1. Tafuta kitenzi.

2. Kiulize kitenzi hicho: vipi? lini? wapi? mara ngapi?
"Yesterday the farmers carefully loaded the sunflower seeds outside."
Kitenzi ni loaded. Walipakia lini? Yesterday. Vipi? Carefully. Wapi? Outside. Vielezi ni vitatu, na kimoja tu kina -ly.

3. Tafuta kielezi cha kiasi. Hiki hueleza kivumishi au kielezi kingine.
"The water of Lake Singidani is very salty."
Very inaeleza maji yana chumvi kiasi gani.

Kiswahili kikusaidie

Kivumishi cha Kiswahili hufuata nomino: mtoto mzuri, watoto wazuri. Kielezi hakibadiliki: mtoto anaimba vizuri, watoto wanaimba vizuri. Ndiyo maana tunasema "She is a good singer", lakini "She sings well". Ukiandika "She sings good", umeweka kivumishi mahali pa kielezi. Angalizo: vivumishi vichache, kama safi na hodari, havibadiliki, kwa hiyo kipimo hiki kitumie pamoja na hatua zilizotangulia.

Mitego

(i) Friendly, lovely, lonely, lively, silly na ugly ni vivumishi.

(ii) Early, late, fast na hard huwa kivumishi au kielezi kulingana na sentensi. Katika "We took the early bus", early inaeleza basi. Katika "The bus left early", inaeleza basi liliondoka lini.

(iii) Hard na hardly hazina maana moja. Nimesahihisha barua nyingi za kuomba kazi ambamo mwanafunzi ameandika "I hardly work", akidhani amejisifu kwa bidii. Kumbe amemwambia mwajiri, "Mimi ni nadra kufanya kazi." Andika "I work hard." Kosa hili halitakugharimu alama za mtihani tu. Siku utakapoomba kazi kweli, litakunyima nafasi hiyo.

Zoezi

Taja vielezi, kama vipo.
(a) "The hens are lively."
(b) "She rarely misses the daily test."
(c) "The wind blows too strongly here."
(d) "We arrived late because of the late bus."

Majibu

(a) Hakuna. Lively inaeleza kuku walivyo.
(b) Rarely. Daily inaeleza test, hivyo ni kivumishi.
(c) Too, strongly, here.
(d) Late ya kwanza tu. Ya pili inaeleza bus.

Ukikosa (d), rudia mtego wa (ii) kabla hujaendelea.