Roboti ya biashara: faida uihesabu mwenyewe

Mirror Trading International ya Afrika Kusini ilitangaza faida ya hadi asilimia 10 kwa mwezi kutoka kwa roboti yake ya kubadilisha pesa. Watu walituma bitcoin zaidi ya 29,000. Mwezi wa sita 2022, tume ya CFTC ya Marekani iliishtaki mahakamani: hesabu walizoonyeshwa wateja zilikuwa za kubuni.

Mwenye roboti ya kweli haamini ukurasa wa muuzaji. Anachukua kwenye soko lenyewe ufunguo wa kusoma tu, usioweza kutoa pesa, kisha anavuta kila biashara iliyofungwa pamoja na makato yake. Kushinda mara nyingi kusikudanganye: faida tisa za dola 1 zinamezwa na hasara moja ya dola 10.