Kabla ya Kununua Springi ya Gari la Spoti, Soma Jina Lake

Mama anayeingia dukani Biashara Street hanunui leso bila kusoma jina lake. Huikunjua, akasoma maandishi, akahakikisha vipande viwili ni vya jozi moja. Lakini kijana mwenye Subaru Impreza au Toyota 86 mara nyingi hununua springi kwa kutazama rangi tu. Nyekundu? Basi ameridhika. Rangi hiyo ni pambo la mtengenezaji. Haimwambii springi ina ugumu gani wala ilitoka kwenye gari gani.

Jina la springi ni nambari yake. Nyingi za kiwandani hupigwa nambari ya kipuri, au hupakwa vidoa vidogo vinavyotofautisha ya mbele na ya nyuma, na katika baadhi ya magari ya kulia na ya kushoto. Za mashindano zitokazo Japani mara nyingi huandikwa ugumu wenyewe. 8K ni kilo 8 kwa kila milimita: uzito wa kilo 80 huibonyeza milimita 10.

Springi iliyotumika huwa imefutika maandishi. Hapo omba kalipa. Pima unene wa waya, upana wa springi na urefu wake ikiwa haijabanwa, kisha hesabu mizunguko. Usidharau milimita moja ya waya. Mengine yote yakiwa sawa, springi ya waya wa milimita 13 ni ngumu kuliko ya milimita 12 kwa karibu asilimia 38, ingawa kwa macho ni mapacha.

Wengi hutaka gari lishuke, na njia ya mkato ni kukata springi. Wakazi, tafadhali msikubali. Kila mzunguko unaoondolewa huongeza ugumu, moto wa gesi huharibu uimara wa chuma, na ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikalio chake. Gari likiruka tuta, springi yaweza kuchomoka. Hata iliyotengenezwa fupi huhitaji shokabzoba inayolingana nayo. Isitoshe, magari ya Safari Rally, iliyorejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, huinuliwa kwa ajili ya njia za Naivasha. Sisi twashusha ya kupitia matuta!

Hapa kisiwani kuna adui mwingine, chumvi ya bahari. Rangi ikibanduka, kutu hula waya, hasa mzunguko wa chini ambako mchanga na maji hutuama. Springi kutoka Japani yaweza kuwa ilianza kuliwa huko huko, kwani barabara za sehemu zenye theluji humwagiwa chumvi. Ukiona vishimo vya kutu, iache, hata kama bei ni ya kutupa.

Badilisha jozi, kulia na kushoto pamoja. Baadaye egesha gari mahali tambarare, upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi pande zote mbili. Vipimo vikipishana sana, mrudie fundi kabla hujalipa. Mwambie pia akague mlingano wa magurudumu na taa za mbele, zisimpofushe anayekuja. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki hakiruhusu gari lililo katika hali ya kuhatarisha watu kuwa barabarani, na "fundi ndiye aliyekata" si utetezi.