Upinde Uani: Tulichojifunza Tulipowafundisha Watoto Kulenga Shabaha

Jumamosi baada ya sala ya alasiri, nyumba nyingi za mwambao wetu hufanana. Baba amejinyoosha barazani na simu yake, mama yumo jikoni, na watoto wameinamia kioo kimoja wakitazama michezo ya watu wasiowajua. Nyumba yetu ilikuwa hivyo hivyo. Tulikaa chini ya dari moja, na kila mtu na ulimwengu wake.

Siku moja mwanetu wa kiume, mwenye umri wa miaka tisa, alirudi kutoka madrasa na swali. Je, ni kweli kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) aliupenda mchezo wa kutupa mishale? Tukamjibu kuwa ni kweli. Akauliza tena: "Basi mbona sisi hatuuchezi?" Tulitazamana, na hakuna aliyekuwa na jibu.

Swali hilo ndilo lililotuingiza katika mchezo huu, na leo tunapenda kuwasimulia wasomaji wetu tulivyoanza, tulivyokosea na tulivyorekebika. Huenda familia nyingine ikanufaika bila ya kulipia kosa tulilolilipia sisi.

Mchezo wenye asili

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Salama bin Al-Akwaa (R.A.), kuwa Mtume (S.A.W.) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kutupa mishale. Akawahimiza waendelee, akiwakumbusha kuwa babu yao Ismail (A.S.) alikuwa mpiga mishale, na akawajulisha kuwa yeye yuko pamoja na kundi mojawapo. Papo hapo kundi la pili likazuia mikono yake: vipi watashindana na watu ambao Mtume yu pamoja nao? Ndipo alipowaambia watupe, kwani yu pamoja nao wote.

Hadithi hii tulikuwa tukiijua tangu utotoni. Maana yake kwa mzazi, hata hivyo, hatukuizingatia mpaka yalipotufika.

Kosa letu

Tulinunua upinde mdogo wa watoto na mishale yenye vichwa vya mpira, tukachora duara ukutani, tukaanza. Binti yetu wa miaka saba alipata shabaha kwa mshale wa tatu. Tulimpigia makofi, tukamwita bingwa wa nyumba. Kaka yake alikosa mara ya kwanza, ya pili na ya tano, na kila alipokosa tulicheka, tukidhani kuwa ni mzaha tu. Hatukuona uso wake ulivyokuwa ukibadilika.

Mara akageuka, akavuta ugwe na kumwelekezea dada yake. Mshale ukampiga shavuni, upana wa kidole chini ya jicho.

Alhamdulillahi, kichwa cha mshale kilikuwa cha mpira, na palivimba tu. Lakini bibi yao alitoka ndani kwa kilio kile, akauchukua upinde na kuuweka juu ya kabati. "Mwataka mjukuu wangu awe chongo?" akatuuliza. "Mwampa mtoto silaha, kisha mwamcheka!" Hatukuwa na la kumjibu, kwa kuwa alisema kweli.

Upinde ulikaa juu ya kabati wiki mbili. Katika wiki hizo tulimwendea jamaa mmoja aliyewahi kufunzwa mchezo huu kwa taratibu zake. Alitusikiliza, kisha akatueleza kuwa tulikosea mara mbili: tulianza kwa kulenga kabla ya kufundisha mipaka, na tulisimama upande wa mtoto mmoja. Kosa la pili ndilo lililotuuma zaidi. Jioni ile tulikaa na mwanetu, tukamwomba radhi kwa kumcheka, naye akamwomba radhi dada yake. Kisha tukamwomba bibi ruhusa ya kuanza upya. Alikubali kwa sharti kwamba atakuwepo, ameketi kitini pake, akitazama.

Adabu kabla ya shabaha

Dini yetu imetangulia kutufundisha usalama wa silaha. Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha hata kwa mzaha, akaamrisha anayepita msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake zisije zikamdhuru mtu, na akakataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Basi tuliwafundisha watoto kwamba upinde hauelekezwi kwa mtu, wala kwa paka, wala kwa kunguru aliye juu ya mnazi, hata ukiwa hauna mshale.

Kisha tukaweka kanuni za uwanja. Wote husimama nyuma ya mstari mmoja uliochorwa chini. Mtu mzima mmoja ana filimbi, na tumefuata desturi ya wanamichezo: milio miwili, wapigaji husogea mstarini, mlio mmoja, hutupa, milio mitatu, huenda kuchukua mishale. Filimbi ikilia mfululizo, kila mtu husita alipo. Hakuna anayevuka mstari mpaka pinde zote zimewekwa chini. Hakuna anayekimbilia shabaha, kwani mshale uliochomeka una mkia wenye kuweza kumchoma mtoto usoni. Anayeung'oa hutanguliza mkono mmoja juu ya shabaha, akauvuta kwa mkono wa pili, na nyuma yake hasimami mtu.

Shabaha nayo ina mahali pake. Ukuta wa mawe haufai, kwa kuwa mshale wenye ncha hugonga ukarudi ulikotoka. Sisi tumeshindilia nguo kuukuu ndani ya gunia, na nyuma yake tumening'iniza blanketi zito lililolegea, ambalo huumeza mshale uliokosa. Mlango wa uani hufungwa kwa komeo kabla ya kuanza, asije jirani akaingia kwa hodi na kusimama mbele ya mshale.

Upinde wa kadiri ya mtoto

Wazazi wengi hununua upinde mkubwa kwa nia kwamba mtoto ataukulia. Hilo ni kosa. Nguvu ya upinde hupimwa kwa ratili, na mtoto wa miaka saba hadi tisa hutoshwa na ratili 10 hivi. Mpeni auvute taratibu na kuushikilia kwa muda mfupi. Mkono ukitetemeka au mgongo ukipinda, upinde huo si wake. Asiachie kamwe ugwe usio na mshale, kwani nguvu isiyopata pa kwenda huurudia upinde ikaupasua. Mshale nao uwe mrefu kuliko mvuto wake, usije ukachomoka na kuangukia mkono ulioshika upinde. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano, mshale wa kichwa cha mpira unatosha kabisa.

Kabla ya yote, jueni jicho lake lenye nguvu. Anyooshe mikono, akutanishe viganja na kuacha tundu dogo, atazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha afumbe jicho moja moja. Jicho ambalo likibaki wazi kile kitu hakihami ndilo la kulengea. Hapo ndipo tulipogundua siri ya kukosa kwa mwanetu: ni wa mkono wa kulia, lakini jicho lake lenye nguvu ni la kushoto. Tulipombadilishia mkono, mishale ilianza kukaribia shabaha. Siku zote zile tulikuwa tukimcheka kwa jambo lisilokuwa kosa lake.

Anzeni karibu, hatua nne au tano, na shabaha iwe pana. Mtoto asimame ubavu kwa shabaha, miguu imeachana kwa upana wa mabega, avute kwa vidole vitatu, kimoja juu ya mshale na viwili chini yake, mpaka mkono uguse kidevu. Avute pumzi, atulie, aachie. Mishale sita kwa zamu inatosha. Mtoto akichoka, mpumzisheni, kwani uchovu huja na uzembe.

Upepo nao hufundisha. Mshale wa mtoto ni mwepesi, na kusi ikivuma sana huupeleka kando. Kwa hiyo hupenda kutupa asubuhi, kabla upepo haujashika nguvu.

Akina mama na mabinti

Baadhi ya wasomaji watauliza kama mchezo huu unawahusu wanawake. Tunawakumbusha Nusayba bint Kaab (R.A.), ambaye wapokezi wa sira wanasimulia kuwa siku ya Uhud alipigana kwa upanga na kutupa mishale akimkinga Mtume (S.A.W.). Katika zama zetu, Shehzana Anwar, mwanamke wa Kenya na mpiga mishale, ndiye aliyebeba bendera ya taifa katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mchezo huu hauhitaji kukimbia wala kugusana, na unachezeka uani pamoja na stara zote. Jambo la kuangalia ni mavazi: mkono mpana wa buibui hunaswa na ugwe, basi ufungwe kwa utepe au avaliwe juu yake mkono wa kubana, na ncha za mtandio zichomekwe ndani.

Waturuki wameutunza urithi huu kwa fahari. Sultani Mehmed wa Pili, baada ya kuuteka mji wa Istanbul mwaka 1453, aliwatengea wapiga mishale uwanja unaoitwa Okmeydanı, na mwaka 2019 UNESCO iliingiza upigaji mishale wa jadi wa Kituruki katika orodha ya urithi wa wanadamu. Sisi hatuna uwanja wa sultani. Tuna ua mdogo, gunia la nguo kuukuu, na bibi mmoja kitini.

Tuko pamoja nanyi nyote

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Tulidhani wa kukunjwa ni watoto, kumbe tulikuwa sisi. Siku hizi makofi hupigwa kwa aliyesimama vizuri na kutulia, hata mshale wake ukikosa. Na zamu inapoanza, mmoja wetu huwaambia wote wawili kuwa tuko pamoja nao wote.

Jumamosi iliyopita binti yetu alikosa mishale yote sita, na macho yakamjaa machozi. Kabla hatujatamka neno, kaka yake aliuweka upinde wake chini, akangoja milio mitatu, akaenda kumwokotea mishale yake, akamletea akiwa amezishika ncha zake kiganjani. "Tupa tena," akamwambia. "Hata mimi nilikuwa nakosa."

Bibi yao alitutazama, asiseme kitu. Jioni ile upinde haukurudishwa juu ya kabati.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe pamoja na watoto wetu wote, anayepata na anayekosa. Amin.