Matairi Mapya ya Magari ya Chama: Namna ya Kuyafunga na Kuyajaribu

Kila msimu wa ununuzi unapokaribia, kamati za vyama vya msingi huketi kuzungumzia magari. Lori ndilo linaloutoa mzigo wa mkulima kituoni na kuufikisha ghalani. Likikwama njiani, pamba hunyeshewa, kahawa huchelewa kufika mnadani, na mwanachama huendelea kungoja malipo yake. Kwa sababu hiyo matairi mapya hununuliwa, na mara nyingi mjadala wake huishia kwenye bei. Maswali mawili husahauliwa: ni nani atakayeyafunga matairi hayo, na ni nani atakayethibitisha kwamba yamefungwa sawasawa. Maswali hayo si madogo, kwani tairi la lori lililofungwa vibaya huweza kumwua mtu kabla halijatembea hata hatua moja.

Tairi na udongo wake

Hakuna tairi moja lifaalo kila mahali. Katika mbuga za udongo mweusi wa mfinyanzi, kama zile za Shinyanga na Simiyu, mvua ikinyesha udongo hunata na kujaza mifereji ya tairi mpaka likawa laini kama la kipara. Huko hufaa tairi lenye meno makubwa yaliyoachana, ili matope yapate nafasi ya kutoka gurudumu linapozunguka. Katika njia za mchanga za Mtwara na Lindi, zinakopita korosho, meno marefu hayana faida kubwa, kwa maana huchimba mchanga na kulizamisha gari. Hapo hutakiwa tairi pana lenye meno ya wastani. Kwenye miteremko ya mawe ya Kilimanjaro na Rungwe, jambo la kwanza ni uimara wa ubavu, kwa kuwa jiwe lenye ncha hukata ubavu kwa urahisi kuliko uso wa tairi.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba tairi la matope huisha upesi kwenye lami na huhitaji umbali mrefu zaidi wa kusimama lami ikiwa imelowa. Chama ambacho lori lake hutembea sehemu kubwa ya safari juu ya lami kitakuwa kinatupa fedha kikilivisha gari zima matairi ya matope. Kwa kawaida hutosha kuyafunga kwenye magurudumu ya nyuma yanayosukuma gari, na mbele kufunga matairi ya mistari ambayo hushika njia vizuri dereva anapokata kona. Yakifungwa mbele, yawe mawili yanayofanana.

Kuyasoma maandishi ya ubavuni

Katibu anayepokea matairi hana budi kuyasoma kabla ya kutia sahihi hati ya mapokezi. Tairi lililoandikwa 9.00-20 lina upana wa inchi 9 na linavaliwa kwenye rimu ya kipenyo cha inchi 20. Likiandikwa 9.00R20, herufi R yaonyesha kwamba nyuzi zake zimepangwa kwa namna ya redio. Matairi ya redio na yale ya kawaida yasichanganywe kamwe kwenye ekseli moja.

Baada ya herufi DOT na alama nyingine huja tarakimu nne za tarehe. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa hiyo 3523 ni tairi lililotengenezwa katika juma la 35 la mwaka 2023. Tairi lenye tarakimu tatu tu lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halifai kupokewa hata kama linang'aa.

Kwa magari madogo kipo kipimo kinachohitaji uangalifu wa pekee. Rimu ya inchi 16 na rimu ya inchi 16.5 hufanana sana machoni. Tairi la inchi 16 huweza kulazimishwa juu ya rimu ya 16.5, lakini ukingo wake hauketi, na waya wa ndani hukatika upepo unapozidishwa. Mlipuko wa namna hiyo umekwisha kuua mafundi. Kipimo kisomwe kwenye tairi na kisomwe pia kwenye rimu.

Rimu za vipande

Malori mengi ya kisasa hutumia rimu ya kipande kimoja isiyohitaji tyubu. Hata hivyo yapo bado malori na matrela ya zamani yenye rimu za vipande: mwili wa rimu, pete ya ubavuni, na pete ya kufunga inayoingia kwenye mfereji ili kuizuia ile ya ubavuni isitoke. Pete hiyo ya kufunga haikazwi kwa nati wala bolti. Huzuiliwa na umbo lake tu, pamoja na nguvu ya upepo wenyewe unaoisukuma ikae mahali pake.

Katibu na afadhimu hesabu hii. Upepo wa ratili 100 husukuma kila inchi ya mraba kwa uzito wa ratili 100. Ubavu wa tairi la lori una inchi za mraba mamia kadhaa. Zikichukuliwa 300 tu, msukumo huwa ratili 30,000, yaani zaidi ya tani 13. Mzigo huo wote umezuiliwa na pete iliyo nene kama kidole. Ikiwa pete haikuketi vizuri, huruka kwa nguvu isiyoweza kukwepwa, na aliyeinama mbele yake hapati nafasi ya pili.

Sababu zinazofanya pete iruke zinajulikana. Ya kwanza ni kuchanganya vipande vya rimu za aina mbili vinavyofanana kwa macho. Ya pili ni kutu inayojaa kwenye mfereji. Ya tatu ni kujaza upepo tairi lililotembezwa bila upepo, kwani pete huwa imekwisha kuhama. Ya nne, iliyo mbaya kuliko zote, ni kuigonga pete kwa nyundo ilhali tairi limekwisha kujazwa. Nchini Marekani hatari hii ilionekana kubwa kiasi kwamba mwaka 1980 ilitolewa sheria maalumu ya kazini kuhusu rimu za vipande peke yake.

Utaratibu wa kufungua na kufunga

Utaratibu ufuatao hauhitaji mitambo ya gharama. Wahitaji subira na msimamizi asiyekubali njia ya mkato.

1. Gari lisimamishwe mahali tambarare, magurudumu mengine yawekewe vigingi, na ekseli ikae juu ya gogo imara au stendi. Jeki peke yake haitoshi.

2. Kabla ya kulegeza nati yoyote, upepo utolewe wote kwa kung'oa kijiti cha ndani ya vali. Kwa magurudumu pacha, matairi yote mawili yatolewe upepo. Waya upitishwe katika tundu la vali kuhakikisha kwamba halikuzibwa na uchafu.

3. Rimu isafishwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kisha ikaguliwe. Kipande chenye ufa, kilichopinda au kilicholika kwa kutu kisirudishwe. Kisichomelewe wala kisinyooshwe kwa moto. Kikatwe vipande, ili kisiokotwe na mwingine.

4. Tairi jipya lipewe tyubu mpya na flapu mpya. Tyubu kuukuu imekwisha kutanuka, hivyo hujikunja ndani ya tairi jipya na kupasuka penye mkunjo. Unga wa talki upakwe kati ya tyubu na tairi.

5. Ukingo wa tairi upakwe maji mazito ya sabuni. Dizeli, grisi na mafuta ya injini yasitumike, kwa maana huoza mpira. Petroli isimwagwe ndani ya tairi na kuwashwa ili ukingo uruke mahali pake. Desturi hiyo inayoonekana pengine kando ya barabara ni kucheza na kifo.

6. Upepo kidogo utiwe, wa kutosha tu kuunyoosha ukingo. Hapo pete zitazamwe pande zote. Ikiwa kuna pengo lisilo la kawaida, upepo utolewe wote na kazi ianzwe upya.

7. Upepo uliobaki utiwe gurudumu likiwa ndani ya kizimba cha vyuma, kwa mpira mrefu wenye kishikio kinachojibana kwenye vali. Fundi asimame kando, asimame mbali, na asikiegemee kizimba. Mtu yeyote asikae mbele ya pete, wala watoto wasiachwe kutazama.

Chama kisicho na kizimba kisijaribu kufanya kazi hii chini ya mwembe. Vyama jirani huweza kuchanga na kumwagiza mchomeleaji mwenye ujuzi atengeneze kizimba kimoja cha mabomba mazito, au magurudumu yapelekwe kwenye karakana yenye kifaa hicho. Nauli ya kwenda na kurudi ni ndogo kuliko fidia ya utingo aliyefariki, na hakuna kamati inayoweza kumlipa mjane thamani ya mumewe.

Rimu za kubana ukingo kwa bolti

Yapo magari madogo ya njia mbaya yanayovalishwa rimu za namna nyingine, ambazo pete yake hukazwa nje kwa bolti nyingi ili kuubana ukingo wa tairi. Faida yake huonekana pale dereva anapopunguza upepo sana ili tairi litanuke juu ya mchanga. Waendeshao magari katika majangwa ya Omani na nchi za Ghuba hushusha upepo mpaka ratili 15 au chini yake. Kwa upepo mdogo hivyo, tairi la kawaida huweza kuchomoka kwenye rimu gari linapokata kona. Pete ya bolti hulizuia lisichomoke.

Je, gari dogo la chama lahitaji rimu hizo? Kwa kazi ya kawaida, hapana. Bei yake ni kubwa, uzito wake huongeza mzigo kwenye beringi, na watengenezaji wengi huziuza kwa matumizi ya nje ya barabara kuu tu. Katika njia ya mchanga dereva aweza kupunguza upepo kwa kiasi, aende polepole, kisha aurudishe kwa pampu kabla ya kuingia lami. Lori lenye shehena lisipunguzwe upepo hata kidogo.

Chama kikipokea gari lenye rimu hizo, bolti zikazwe kwa zamu za msalaba, kidogo kidogo, kwa kipimo cha mtengenezaji, na zikaguliwe tena baada ya safari ya kwanza. Kabla ya kulegeza bolti yoyote, upepo utoke wote. Onyo hili lahusu pia rimu za nusu mbili zilizounganishwa kwa bolti. Fundi mgeni akidhani bolti hizo ni nati za gurudumu na kuzifungua tairi likiwa na upepo, nusu mbili huachana kwa mshindo.

Majaribio kabla ya kazi

Tairi jipya lisipelekwe moja kwa moja kwenye shehena kamili. Kwanza, maji ya sabuni yapakwe kwenye vali, na kwa tairi lisilo na tyubu yapakwe pia ukingoni. Povu likitoka, upepo unavuja. Pili, upepo upimwe kwa geji, uandikwe, na upimwe tena kesho yake asubuhi kabla gari halijatembea. Kugonga tairi kwa mtaimbo na kusikiliza mlio si kipimo.

Tatu, magurudumu pacha yapimwe kwa kamba. Kubwa likiwa pamoja na dogo, lile kubwa hubeba mzigo wa mwenzake na kuchoka mapema. Pia kuwe na nafasi kati yake, ili mbavu zisisuguane gari likishiba. Nne, gari litembezwe tupu kilometa chache, kisha na nusu ya mzigo. Baada ya kilometa 50 hadi 100 nati zikazwe upya, kwani hulegea baada ya gurudumu kung'olewa. Tano, dereva aguse kila tairi anaposimama. Moja likiwa na joto kuliko mengine, lina upepo mdogo, limezidiwa mzigo, au breki yake inashika. Upepo huongezeka tairi linapopata joto, na jambo hilo ni la kawaida. Dereva asiupunguze, kwani likipoa litabaki na upungufu.

Daftari la matairi

Matairi ni mali ya wanachama kama ilivyo mizani na ghala. Kila tairi liandikwe katika daftari: namba yake ya ubavuni, kipimo, tarehe ya kununuliwa, bei, hati ya malipo, gari lililofungwa, mahali lilipofungwa, na idadi ya kilometa wakati wa kufungwa na wakati wa kutolewa. Namba hiyo ndiyo mlinzi wa chama. Bila namba, tairi jipya huweza kubadilishwa usiku mmoja kwa lililochakaa, na mkaguzi atakapokuja hakuna atakayeweza kuthibitisha lolote.

Daftari hufundisha pia kununua kwa busara. Tuseme tairi la kwanza liligharimu shilingi 500,000 na kutembea kilometa 40,000, na la pili likagharimu shilingi 350,000 na kutembea kilometa 20,000. La kwanza limegharimu shilingi 12.50 kwa kilometa, la pili shilingi 17.50. Lililoonekana rahisi dukani ndilo lililokuwa ghali barabarani. Chama kisicho na daftari hakiwezi kuliona jambo hilo, nacho kitaendelea kununua hasara kila mwaka.

Wajibu wa kamati

Kabla ya msimu kufunguliwa, kamati na imteue mjumbe mmoja atakayesimama na fundi matairi yanapofungwa, mwenye mamlaka ya kuisimamisha kazi. Mjumbe huyo atie sahihi katika daftari pamoja na dereva. Dereva apewe geji yake, na kupima upepo kila asubuhi kuwe sehemu ya kazi yake kama kutazama maji na mafuta. Vipande vya rimu vilivyokataliwa vioneshwe kwa kamati kabla ya kukatwa.

Mambo haya yakitendwa, chama kitaokoa fedha, na mazao yatafika kwa wakati. Zaidi ya hayo, utingo atakayetoka nyumbani kwake alfajiri kwenda kupakia magunia ya chama atarudi jioni akiwa mzima.