Je, Wajua? Nishani za Kifuani Zilivyohamia Mtandaoni

Kuna tovuti huko Marekani ambako mwanajeshi mstaafu hufungua ukurasa wake, akaandika kikosi alichotumikia na vita alivyopigana, kisha akapanga riboni zake kwenye skrini vilevile zilivyokaa kifuani. Ukizitazama harakaharaka utaona rangi tu. Ngoja basi usikie yaliyo nyuma ya rangi hizo: kuna moto, kuna kesi ya Mahakama ya Juu, kuna marehemu aliyeonekana yu hai, na kuna panya wa Morogoro.

Riboni husomwa

Riboni moja ya jeshi la Marekani ina upana wa milimita 35 hivi na kimo cha milimita 10 hivi, yaani ni ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti, lakini anayejua kuisoma hahitaji kumuuliza mwenyewe alikuwa wapi. Nishani ya heshima kubwa zaidi hukaa safu ya juu, upande ulio karibu na moyo. Ukitunukiwa nishani ileile mara ya pili katika jeshi la nchi kavu, hupewi riboni nyingine, bali kijani kidogo cha mwaloni cha shaba cha kubandika juu ya ile ya kwanza. Vijani vitano vya shaba hubadilishwa kuwa kimoja cha fedha.

Waingereza nao walijaza maana kwenye uzi. Utepe wa Nyota ya Afrika, uliotolewa kwa waliopigana barani kwetu katika Vita Kuu ya Pili, una rangi ya mchanga wa jangwa, mstari mwekundu wa jeshi la nchi kavu, bluu iliyokoza ya wanamaji na bluu ya mbingu ya jeshi la anga. Ndiyo maana mtu akikosea mpangilio kwenye ukurasa wake, wenzake humwona mara moja. Riboni ikiwa mahali pasipo pake, maswali huanza.

Mwongo alishinda kesi

Mwaka 2007, mjumbe wa bodi moja ya maji huko California alisimama kwenye kikao akajitambulisha kuwa mwanajeshi mstaafu wa miaka 25 aliyetunukiwa Nishani ya Heshima, ya juu kuliko zote Marekani. Hakuwahi kuvaa gwanda hata siku moja! Alishtakiwa kwa sheria iliyokataza kujidai na nishani za kijeshi. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Juni 2012 majaji sita kati ya tisa wakasema sheria hiyo inavunja uhuru wa kusema, kwamba uongo wake, hata uwe wa aibu namna gani, peke yake si jinai.

Bunge halikukaa kimya. Sheria mpya ya 2013 inamwadhibu anayejidai na nishani ili apate pesa, mali au manufaa mengine. Na mwezi mmoja tu baada ya hukumu, Wizara ya Ulinzi ilifungua tovuti yenye majina ya baadhi ya waliotunukiwa nishani za juu za ushujaa, ili anayetaka kuhakikisha aangalie mwenyewe. Mimi naiona hiyo kuwa dawa kali kuliko jela: mwongo anatafutwa kwenye orodha, hayumo, maswali yanaanza.

Kama jina lako lilianza na herufi za mwisho, pole

Usiku wa kuamkia 12 Julai 1973, moto ulizuka katika ghorofa ya juu ya jengo la kumbukumbu za wanajeshi karibu na St. Louis, Missouri. Mafaili kati ya milioni 16 na 18 yaliteketea. Hayakuwa na nakala, na hakukuwa na orodha kamili ya kilichokuwamo. Karibu asilimia 80 ya mafaili ya askari wa nchi kavu walioacha jeshi kati ya 1912 na 1960 yalikwenda. Kwa jeshi la anga, waliopotelewa zaidi ni wale walioacha jeshi kati ya 1947 na 1964, na hapo bahati ilifuata alfabeti: mafaili yaliyoungua yalianzia majina yaliyofuata Hubbard. Ya bwana Adams yakabaki, ya bwana Wilson yakageuka majivu.

Kilichofuata kinafurahisha zaidi. Maji ya wazima moto yalilowesha mamilioni ya karatasi, na karatasi mbichi kwenye joto la Julai huota ukungu upesi. Wahifadhi wakazipeleka kwenye chumba kikubwa cha kunyonya hewa cha kampuni ya ndege ya McDonnell Douglas, chumba kilichokuwa kimetumika katika majaribio ya safari za anga za juu, zikakaushwa humo. Lakini zilizoungua hazikurudi, ndiyo sababu mstaafu wa zamani anapoweka nishani zake mtandaoni, mara nyingi ushahidi anaoutegemea ni karatasi aliyoitunza mwenyewe sandukuni. Ya serikali iliungua.

Bomu liliacha kadi

Uingereza nayo ilipata msiba wake. Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliangukia ghala la kumbukumbu mjini London, na takriban asilimia 60 ya mafaili ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza yakaungua. Kilichosalimika ni kadi za nishani, karibu milioni tano, kila moja ikiwa na jina la askari, namba, kikosi na nishani anazostahili. Kwa familia nyingi, kakadi hako ka kupanga nishani ndiko alama pekee iliyobaki kwamba babu yao alikuwa askari. Baadaye kadi hizo zilipigwa picha, na mwaka 2014 Jumba la Makumbusho ya Vita la London lilifungua tovuti ambamo askari zaidi ya milioni saba wa vita ile wana ukurasa wao mmojammoja. Wote walikwisha kufa, na kurasa zao zilijazwa na wajukuu na watu wa kujitolea.

Urusi hukuonyesha na sababu

Mwaka 2010 Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilifungua tovuti ya Podvig Naroda, ambako unaandika jina la askari wa Jeshi Jekundu na kuona karatasi yenyewe iliyompatia nishani, yenye maelezo ya kamanda wake: siku gani, kijiji gani, alifanya nini. Nishani haisimulii, karatasi inasimulia. Wazee wengi waliopigana hawakupenda kuzungumzia vita, kwa hiyo mjukuu anaweza kusoma kwenye simu jambo ambalo babu hakulitamka nyumbani maisha yake yote. Wako pia askari walioandikiwa nishani wakiwa hospitalini au wamehamishwa kikosi, isiwafikie.

Ufaransa hukusubiri ufe

Nishani ya Légion d'honneur ilianzishwa na Napoleon mwaka 1802, na mafaili yake yamewekwa wazi mtandaoni. Sharti ni moja: uwe umefariki kabla ya 1977. Aliye hai ajisifu mwenyewe.

Marehemu aliyerudi

Agosti 1940, Kapteni Eric Wilson wa kikosi cha ngamia cha Somaliland alishikilia bunduki za rashasha huko Tug Argan kwa siku kadhaa dhidi ya jeshi la Italia, akiwa na majeraha na akitetemeka kwa malaria. Ngome ilipotekwa, wenzake waliamini amekufa. Oktoba mwaka huohuo gazeti rasmi la serikali ya Uingereza likatangaza kwamba marehemu Wilson ametunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani iliyotolewa mara 1,358 tu tangu 1856.

Marehemu alikuwa mfungwa wa vita Eritrea. Majeshi ya Uingereza yalipoiteka nchi hiyo mwaka 1941, alitoka kizuizini, yu mzima, mwenye nishani ya juu kabisa ya nchi yake. Baada ya vita alifanya kazi ya utawala hapa Tanganyika hadi 1961, na alifariki mwaka 2008 akiwa na umri wa miaka 96, miaka 68 baada ya kutangazwa marehemu. Hebu fikiria kama enzi zile kungekuwa na kurasa za mtandaoni, nani angethubutu kuibadilisha tarehe yake ya kifo?

VC ya Idi Amin

Orodha ndefu ya vyeo alivyojipa Idi Amin, mtawala wa Uganda, ilikuwa na herufi VC, zilezile za Msalaba wa Victoria. Ujanja ni kwamba ilikuwa nishani yake mwenyewe, iliyotengenezwa ifanane na ile ya Waingereza na kupewa jina linaloanza kwa herufi zilezile. Alipenda pia kusema alipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili. Kumbukumbu za jeshi zinasema aliingia King's African Rifles (KAR) mwaka 1946 kama msaidizi wa mpishi, na vita vilikwisha 1945. Mwaka mmoja tu kwenye karatasi, na Burma yote ikayeyuka.

Nishani ya juu ya jeshi kwa mwalimu wa shule

Mwaka 2007 Uganda ilimtunuku Mwalimu Julius Nyerere nishani ya Katonga, ya juu kabisa katika jeshi lake, miaka minane baada ya kifo chake. Mwalimu hakuwahi kuwa askari. Lakini ni yeye aliyekuwa Amiri Jeshi Mkuu pale majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yalipoingia Kampala, Aprili 1979, na mwenye VC ya kujipa akakimbia.

Panya wetu ana wasifu mrefu kuliko wengi

Magawa, panya buku aliyezaliwa Tanzania na kufunzwa na shirika la APOPO lenye makao yake Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, alivishwa medali ya dhahabu ya ushujaa ya shirika la Uingereza la PDSA mwezi Septemba 2020. Hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake. Kazi yake ilikuwa Kambodia, kunusa baruti iliyofukiwa ardhini, na alipostaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu ya kutegwa 71 na silaha nyingine 38 ambazo hazikuwa zimelipuka. Kwa uzito wa kilo moja na ushei, alipita juu ya bomu bila kulilipua, akakwarua udongo juu yake kumwonyesha mkufunzi, akapewa kipande cha ndizi. Tafuta picha yake mtandaoni: medali inaning'inia kifuani, ndogo kama yeye. Hakuna mtu anayeitilia shaka.

Nishani zilizotengenezwa kwa vita ambavyo havikupiganwa

Mwaka 1945 Marekani ilijiandaa kuivamia Japani, ikatengeneza karibu nishani 500,000 za Moyo wa Zambarau kwa ajili ya watakaojeruhiwa na jamaa za watakaouawa. Japani ikasalimu amri mwezi Agosti. Akiba ile ikatumika Korea, ikatumika Vietnam, na ikaendelea kutolewa miongo mingi baadaye.

Namba iliyoficha hatari

Kuanzia 1969, jeshi la nchi kavu na la anga la Marekani liliacha namba za jeshi likaanza kumtambua askari kwa namba yake ya hifadhi ya jamii, ileile anayofungulia akaunti benki na kuombea mkopo. Namba hiyo ikaingia kwenye hati ya kuacha jeshi. Wastaafu walishauriwa wasajili nakala katika ofisi za wilaya zao ili isipotee, na rejesta hizo zilipoanza kuwekwa mtandaoni, baadhi ya majimbo yalilazimika kutunga sheria za kuzifunga. Mstaafu anayepiga picha hati yake yote ili kuthibitisha nishani moja anaweza kuwa anamkabidhi tapeli ufunguo wa nyumba.

Waliokosa hata jina

Tume inayotunza makaburi ya askari wa Jumuiya ya Madola ina majina milioni 1.7 ambayo yeyote anaweza kuyatafuta mtandaoni. Lakini Aprili 2021 tume hiyo yenyewe ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika, na miongoni mwao wapo wapagazi waliobeba risasi na vyakula kwenye kampeni ya Afrika Mashariki, kutoka vijiji vya Kenya, Tanganyika na kwingineko. Hawa hawana riboni ya kupanga. Anayewatafuta anaanza na jina lenyewe, kama kuna mzee anayelikumbuka.

Na ile iliyo kabatini kwenu?

Nishani za Uingereza za Vita Kuu ya Kwanza kwa kawaida huwa zimechongwa ukingoni namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Nyota za Vita Kuu ya Pili zilizotolewa na Uingereza, pamoja na zile za askari wa KAR waliokwenda Burma, zilitoka bila jina lolote. Familia isipoandika, hakuna atakayejua ilikuwa ya nani. Kwa hiyo kama babu alikuwa KAR, piga picha ya nishani pande zote mbili na ukingo wake, andika jina lake kamili, kijiji, kikosi na miaka aliyotumikia, muulize bibi kama hujakosea, na ufunike namba za hati kabla hujaiweka mtandaoni.